Sura ya Tano: Saa Mbili Usiku, Darasa la Excel

Wakenya wengi hawakufundishwa Excel na mtu. Walikutana nayo mwezi wa Juni. KRA, mamlaka ya mapato, ilipohamishia ritani za kodi kwenye mfumo wa iTax, fomu ya mlipakodi wa kawaida ilikuja kama faili la Excel: unalipakua, unaziruhusu makro zake, unajaza ukurasa baada ya ukurasa, unabonyeza kitufe cha kuhakiki, kisha unalipandisha mtandaoni likiwa limebanwa. Kwenye simu faili hilo halikufanya kazi. Basi siku za mwisho kabla ya tarehe 30 Juni watu wakawa wanapanga foleni kwenye saiba za Umoja, Kayole na Donholm, na kijana wa saiba akawa anauona mshahara wa kila mmoja, PIN yake na nywila yake.

Jambo hilo huniuma. Mwalimu wa shule ya upili, nesi wa zamu ya usiku, askari wa kampuni ya ulinzi mwenye fomu yake ya P9 ya makato ya kodi mkononi, hawa ni watu wanaozijua hesabu zao mpaka shilingi ya mwisho. Wanampa mgeni siri zao kwa sababu hesabu hizo zimepangwa ndani ya visanduku ambavyo hawajawahi kuelezwa. Sura hii inahusu visanduku hivyo, pamoja na njia moja ya kuvijua iliyoshika mizizi katika mitaa ya Eastlands jijini Nairobi tangu 2020: darasa la moja kwa moja mtandaoni, ambamo mwalimu na wanafunzi wako pamoja saa ile ile, usiku, kila mtu kwake.

Sensa ya 2019 inatuonyesha pengo liko wapi. Kati ya Wakenya wenye umri wa miaka 3 na zaidi, asilimia 47.3 walikuwa na simu ya mkononi, asilimia 22.6 walikuwa wakitumia intaneti, na asilimia 10.4 tu ndio waliotumia kompyuta. Nairobi iko juu ya wastani huo, lakini ukipanda ngazi za ploti yoyote ya mtaa wa Pipeline utakuta mpangilio ule ule: simu imefika kila chumba, kompyuta haijafika.

Si kwamba Eastlands ilikuwa imekaa tu. Juu ya maduka ya dawa na vinyozi, kuanzia Mutindwa hadi Kayole Junction, kuna mabango ya vyuo vya kompyuta, na kozi yao kila mtu anaijua kwa jina la pakeji. Mtoto akimaliza Kidato cha Nne huku akisubiri matokeo, mzazi humwambia asikae bure nyumbani, aende akafanye pakeji. Vyuo hivi ni warithi wa vile vya uhazili ambako mama na shangazi zetu walijifunza kupiga taipu na hati mkato, wakafanya mitihani ya Pitman, wakapata kazi katika ofisi za mjini. Vilirithi heshima yake, na vilirithi pia mbinu yake: kuna orodha ya mambo ya kumaliza, kuna zoezi la kunakili, kuna cheti. Orodha yenyewe imebaki karibu ile ile kwa miaka mingi: Windows, Word, Excel, Access, PowerPoint, Publisher, intaneti na barua pepe. Publisher bado inafundishwa ingawa Microsoft imeshatangaza kwamba itaacha kuihudumia Oktoba 2026.

Siwalaumu walimu wa pakeji. Wengi hufanya kazi kwa malipo madogo, kwenye mashine zilizochoka, na wamefungua mlango wa ajira kwa maelfu ya vijana. Lakini zoezi la pakeji kwa kawaida ni jedwali la wafanyakazi wa kampuni isiyokuwepo, wenye mishahara iliyobuniwa. Mwanafunzi ananakili namba asizozijali, anabonyeza mahali alipoambiwa, jibu linatokea. Likiwa si sahihi hana njia ya kujua, maana hakuwa na sababu ya kutarajia jibu lolote. Anatoka na cheti, na Jumapili inayofuata mweka hazina wa chama cha akiba akimwomba amsaidie kujumlisha michango, mikono inasita.

Kusoma ukiwa mbali na mwalimu nako si jambo geni jijini. Tom Mboya, aliyewahi kuwa mkaguzi wa afya wa halmashauri ya jiji, alisoma kwa posta kupitia Efficiency Correspondence College ya Afrika Kusini. Mwishoni mwa miaka ya 1960 chuo kikuu cha hapa Nairobi kilianzisha kitengo cha masomo ya posta kwa walimu wa shule za msingi waliohitaji kupanda daraja, na vipindi vyake vikarushwa na Sauti ya Kenya. Mwaka 1997 Benki ya Dunia ilianzisha African Virtual University, ambayo makao yake yalihamia Nairobi mwaka 2002. Wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Kenyatta walikaa mbele ya skrini wakimtazama mhadhiri aliye ng'ambo kupitia setilaiti. Picha ilikuja upande mmoja tu, na mwenye swali ilimbidi alipeleke kwa simu.

Ukizipanga njia hizo kwa miaka, utaona kinachopungua ni muda kati ya kosa na masahihisho. Kwa posta, mwanafunzi aliyekosea alikaa wiki kadhaa akiamini amepatia. Kwa setilaiti, alisubiri zamu yake ya simu. Video za YouTube, kwa uzuri wake wote, zimeurudisha muda huo nyuma kuliko hata posta, kwa sababu video haijui kabisa kwamba umekosea. Inaendelea. Unaisimamisha, unairudisha, unafanya vilevile inavyosema, na bado kwako kuna sifuri pale ambapo kwa mwalimu kuna mia nane. Wanaojisomea kwa video huachia hapo, kwenye ile sifuri. Darasa la moja kwa moja linazidi njia nyingine kwa jambo moja tu, lakini jambo hilo ndilo linalohitajika zaidi katika somo la Excel: kuna mtu anayekiona kisanduku chako wakati umekosea.

Miundombinu ilitangulia ugonjwa wa korona. Nyaya za chini ya bahari za SEACOM na TEAMS zilitua Mombasa mwaka 2009, faiba ikapanda hadi Nairobi, ikaingia kwanza Buruburu na Donholm zenye nyumba za mpango, kisha wauzaji wadogo wakaanza kuivuta kwa waya kutoka ghorofa hadi ghorofa huko Pipeline, Tassia na Kayole. Halafu Machi 2020 ikafika. Tarehe 15 serikali ilitangaza kufungwa kwa shule. Tarehe 27 kafyu ilianza, kutoka saa moja jioni hadi saa kumi na moja alfajiri. Kuanzia tarehe 6 Aprili hakuna aliyeruhusiwa kuingia au kutoka jiji la Nairobi na viunga vyake, na mwezi mmoja baadaye Eastleigh ikafungwa peke yake. Madarasa ya jioni ya pakeji yalikufa kwa siku moja.

Yaliyofuata yalianza kwa kubahatisha. Mwalimu aliyekuwa na laptopu na bando aliwakusanya wanafunzi wake kwenye kundi la WhatsApp, akawatumia kiungo cha Zoom, na dakika 40 za bure zikiisha wote wanatoka na kuingia upya. Mei 2020 Google nayo ikafungua Meet kwa kila mwenye akaunti. Mpango wa serikali wa Ajira Digital, ulioanza 2016 kuwafunza vijana kazi za mtandaoni, una mafunzo ya mtandaoni pia. Kafyu iliondolewa tarehe 20 Oktoba 2021, na hapo ungetegemea watu warudi kwenye madawati. Wengi hawakurudi. Anayetoka kazini Industrial Area au mjini hukwama Jogoo Road au Outering. Akifika Umoja, akipika, akiwalaza watoto, ni saa mbili usiku. Kumwambia atoke tena apande ngazi za chuo ni kumwambia asisome. Saa mbili usiku ndiyo saa ya madarasa haya mpaka leo.

Sasa tuingie ndani ya somo lenyewe. Tuchukue chama cha watu 12, kila mmoja akitoa shilingi 500 kila Jumapili. Mwalimu mzuri hufungua faili moja la Google Sheets, kila mwanafunzi anapewa ukurasa wake ndani yake, na wote wanaingia. Hahitaji kuziona sura zao. Anaviona vishale vyao vya rangi, kimoja cha kijani, kingine cha zambarau, kila kimoja kwenye seli ambayo mwenyewe anahangaika nayo. Safu A ni majina, B ni namba za simu, C ni Jumapili ya kwanza, D ya pili, na kuendelea.

Kizingiti cha kwanza huja kabla ya hesabu yoyote. Mwanafunzi anaandika namba ya simu inayoanza na 0722, anabonyeza Enter, na sifuri ya mbele inatoweka. Anaandika tena, inatoweka tena. Programu imeamini kwamba hiyo ni idadi, na katika idadi sifuri ya mbele haina thamani. Tiba ni kuifanya safu nzima ya B kuwa maandishi kabla ya kuandika chochote, au kutanguliza alama ya ritifaa mbele ya namba. Ni somo la dakika tano, lakini ndilo linalomfundisha mtu kwamba kila seli ina aina yake, na kwamba programu hukisia aina hiyo bila kumuuliza. Tarehe ni hivyo hivyo. Ukiandika 3/4 nawe una maana ya tarehe 3 Aprili, mashine iliyopangwa Kimarekani inasoma Machi 4, na michango ya mwezi mmoja inahamia mwezi mwingine. Kosa la namna hii limewasumbua hata wanasayansi: mwaka 2020 kamati inayosimamia majina ya jeni za binadamu ilitangaza kwamba imebadilisha majina ya jeni kadhaa, kwa kuwa Excel ilikuwa ikivigeuza vifupisho kama MARCH1 na SEPT1 kuwa tarehe za Machi na Septemba.

Kisha inakuja jumla. Wanachama 12 wako mstari wa 2 hadi wa 13, na chini yao mwanafunzi anaandika =SUM(C2:C13). Inatokea 6,000. Watu hufurahi hapa, na wana haki ya kufurahi. Lakini somo lenyewe liko wiki ya pili, mwalimu anaposema mwanachama wa 13 amejiunga. Mwanafunzi anaongeza mstari chini ya ule wa mwisho, anaandika jina na 500, na jumla inaweza kubaki 6,000 ile ile, kwa sababu fomula bado inaishia C13. Shilingi 500 zipo mezani na hazipo kwenye kitabu. Katika chama, 500 zisizoonekana zinatosha kumvunjia mweka hazina jina lake mtaa mzima.

Hapa mimi huwaambia watu habari ya Reinhart na Rogoff. Mwaka 2010 wanauchumi hawa wawili walichapisha makala iliyosema kwamba nchi ikiwa na deni linalozidi asilimia 90 ya pato lake, ukuaji wake hudorora sana. Wanasiasa wa Ulaya na Marekani waliinukuu walipotaka kukaza bajeti. Mwaka 2013 Thomas Herndon, mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Massachusetts mjini Amherst, aliomba faili lao la Excel akalipitia, akakuta fomula ya wastani ilikuwa imeishia mapema na kuziacha nje nchi tano. Hilo halikuwa tatizo pekee la makala ile, lakini ndilo lililokumbukwa. Kosa la maprofesa wale na kosa la mweka hazina wa chama ni moja, na dawa yake ni moja: bonyeza seli ya jumla mara mbili, tazama fremu ya rangi inaishia wapi.

Somo la riba ndilo gumu zaidi, na ndilo linaloonyesha kwa nini mwalimu lazima awepo. Chama kinakopesha kwa riba ya asilimia 10 kwa mwezi. Katika ukurasa wa mikopo, asilimia hiyo inawekwa mahali pamoja tu, seli F1. Aliyekopa 8,000 ana riba ya 800, yaani =D2*F1. Mwanafunzi anaivuta fomula hiyo chini ili iwahesabie na wengine, na mkopaji wa pili anatokea na riba sifuri. Mazungumzo huwa hivi:

"Mwalimu, mbona yangu inaandika sifuri?"

"Hebu isome kwa sauti, mama, vile iko."

"Ni sawa na D3 mara F2."

"Na F2 iko na nini?"

Kimya kidogo. "Haina kitu. Asilimia iko F1."

"Haya, utaifungaje F1 isishuke?"

Na yeye mwenyewe anaandika =D2*$F$1, anaivuta tena, na safu nzima inajaa. Mwalimu hakugusa chochote. Alikiona kishale cha zambarau kimekwama E3, akajua kilichotokea kabla mwanafunzi hajauliza, akaamua kuuliza badala ya kujibu. Mbinu ya kuisoma fomula kwa sauti naipenda kuliko zote nilizoziona. Jicho huruka kosa. Mdomo hauliruki, na darasa zima linasikia na kujisahihisha kwa pamoja. Video iliyorekodiwa ingemwonyesha alama ya dola kwa usahihi kabisa na yeye asingejua ni ya nini.

Faida ya haya yote juu ya daftari la kawaida ilionekana tangu mwanzo wa teknolojia yenyewe. Dan Bricklin alikuwa mwanafunzi wa biashara Harvard alipokuwa akimtazama profesa akifuta namba moja ubaoni na kulazimika kufuta na kuandika upya zote zilizoitegemea. Yeye na Bob Frankston wakatengeneza VisiCalc, ikatoka 1979, na kila jedwali la kompyuta tunalotumia leo linatokana na wazo lile. Wakikubaliana kwenye mkutano kwamba riba ishuke hadi asilimia 8, mweka hazina anabadilisha F1 peke yake. Daftari lingekula jioni nzima na kifutio.

Wenye maduka hufika mbali zaidi kwa haraka, kwa kuwa tayari wana data. Taarifa ya M-Pesa ya mwezi, inayotumwa kama PDF yenye nywila, ina safu za tarehe, maelezo, pesa zilizoingia, zilizotoka na salio. Ukiihamishia kwenye jedwali na kutumia SUMIF, unajua mwezi huu uliwalipa wauzaji wa jumla kiasi gani, stima kiasi gani, na ni kiasi gani kiliondoka kidogo kidogo kwa mahitaji ya nyumbani. Nasisitiza jambo moja hapa: taarifa hiyo isiwekwe kamwe kwenye faili la darasa zima. Mwanafunzi aifanyie kazi kwenye nakala yake binafsi na alete darasani fomula, si namba zake. Tulianza sura hii na watu waliolazimika kufichua mapato yao saibani. Tusiwafichue tena darasani.

Word ina masikitiko yake. Watu huidhani rahisi kwa kuwa inafanana na karatasi, nao huitumia kama taipureta: kichwa cha barua kinasukumwa katikati kwa kubonyeza spesi mara nyingi, ukurasa mpya unatafutwa kwa Enter. Kwenye mashine ile ile kila kitu kinakaa sawa. Mwajiri akiufungua wasifu ule kwenye simu yake, tarehe za kazi zimeteremka mistari miwili na jina la shule liko peke yake. Kuna kitufe chenye alama kama P iliyogeuzwa kinachoonyesha kila spesi na kila Enter uliyobonyeza. Mwalimu akimwambia mwanafunzi akibonyeze na kuonyesha skrini yake, skrini inajaa nukta, na hakuna maelezo marefu yanayohitajika tena. Baada ya hapo anafundishwa mitindo ya vichwa, tabo, na jedwali lisilo na mistari kwa ajili ya wasifu.

Lakini kile kinachowainua watu kwenye viti vyao ni kuunganisha barua na orodha. Karani wa shule ana wazazi mia mbili wenye salio la karo, kila mmoja na lake. Kwa njia ya zamani anaandika barua moja, anafuta jina, anaandika jingine, anachapisha, anarudia, na mahali fulani mzazi mmoja anapata salio la mwenzake. Kwa njia mpya, majina na salio viko kwenye Excel, barua iko kwenye Word ikiwa na nafasi mbili zilizoachwa, na barua mia mbili zinatoka kwa pamoja. Hapo ndipo wanafunzi wanapoelewa kwamba Word na Excel si masomo mawili. Pakeji nyingi huyafundisha wiki tofauti na haziyakutanishi.

Ugumu upo, na mwingi wake hauna uhusiano na akili ya mtu. Bando kwanza. Saa moja ya video ya kundi inaweza kula zaidi ya nusu ya gigabaiti, lakini sauti peke yake hula makumi tu ya megabaiti. Ndiyo maana darasa la sauti pamoja na faili la pamoja ni bora kwa Eastlands kuliko darasa la sura za watu. Kuna sababu nyingine pia ya kutolazimisha kamera. Mtu anayeishi katika bedsita na mume na watoto watatu ana haki ya kutoonyesha kitanda chake kwa wageni ili ajifunze SUM. Naona walimu wanaodai kamera iwashwe kama sharti la mahudhurio wanakosea vibaya.

Pili ni skrini. Aliye na simu moja analazimika kutazama somo na kufanya zoezi kwenye kioo kile kile cha upana wa kiganja, na simu hiyo hiyo huenda mtoto anaihitaji kwa kazi ya shule. Zipo njia. Kiunganishi cha OTG kutoka Luthuli Avenue kinakuwezesha kuchomeka kibodi na mausi kwenye simu nyingi za Android. Laptopu zilizotumika, zile ziitwazo ex-UK, hutosha kabisa kwa kazi hii hata zikiwa za zamani, na LibreOffice ni ya bure na inafungua faili za Excel na Word. Wengine hulipia saa moja ya saiba, wakavaa visikizi vya simu, wakalifuata darasa huku wakitumia mashine ya pale. Tatu ni stima kupotea katikati ya somo, na kelele: honi, spika ya kanisa la jirani, mtoto. Mwalimu anayejua mtaa hurekodi kila kipindi kwa ajili ya aliyekatika, na huanza kipindi kinachofuata kwa kumuuliza huyo kwanza.

Ninaloliomba kwa moyo wote ni mahali pa kukaa. Tuna maktaba ya Kaloleni na ya Makadara, matawi ya McMillan ambayo Book Bunk, iliyoanzishwa 2017 na Wanjiru Koinange na Angela Wachuka, imeyakarabati hadi yakapendeza tena. Tuna maktaba ya kitaifa tawi la Buruburu. Tuna shule za msingi zenye vishikwambi vilivyoletwa na mpango wa kidijitali wa serikali kuanzia 2016, na tuna vituo vya teknolojia vya maeneobunge. Saa mbili usiku, wakati ambapo watu wa Eastlands ndio kwanza wamepata nafasi, milango hiyo imefungwa. Kaunti iajiri mlinzi na msimamizi wa zamu ya jioni, iweke mashine 20 zilizotumika katika kila ukumbi, na ilipe bili ya intaneti hadi saa nne. Mwalimu mmoja aliye kwake Donholm angeweza kufundisha Kaloleni, Makadara na Buruburu kwa wakati mmoja, na msaidizi mmoja kwa kila ukumbi angetosha kupita nyuma ya viti.